Mwaka Ambao Jongoo Walichelewa

Jongoo akijikunja, anajuaje kwamba aliyemgusa ameshaondoka? Kichwa chake kimefichwa katikati ya mduara, macho yake hayaoni zaidi ya mwanga na giza, na masikio hana. Nilikuwa nachuchumaa kando yake kwenye njia ya kisimani, nimebana pumzi, najaribu kuwa mtu aliyeondoka. Mara zote alijikunjua nikiwa bado nipo. Kwanza vilitokeza vipapasio viwili vifupi, vikigusagusa udongo kama vidole vya mtu anayetafuta kiberiti katika chumba chenye giza, kisha kichwa, kisha ule mwili mweusi unaong'aa, pete baada ya pete. Sikuweza kuamua kama amenisahau au amenizoea. Nilipomuuliza shangazi, alisema, "Anachoka kujikunja." Niliona hilo si jibu.

Mwezi uliopita nilijikata kidole na kifuniko cha kopo la nyanya. Muuzaji wa duka la dawa alipofungua kichupa cha ayodini, nilirudisha mkono nyuma kabla hajanigusa. "Haiumi sana, dada," alisema. Hakujua kwamba sikuogopa maumivu. Ile harufu kali, ya dawa na kutu na jani chungu, ndiyo harufu ya jongoo aliyeshikwa na mkono asioutaka. Hutoa majimaji ya rangi ya kahawia kwenye vitundu vya ubavuni, na yakikauka juu ya ngozi huacha doa ambalo sabuni hailiwezi. Viganja vyangu vilikuwa na doa hilo kwa majuma kadhaa ya mwaka mmoja.

Wenzangu tuliokuwa shule ya msingi miaka ile mtakumbuka jinsi maduka yalivyojaa ghafla. Sabuni za rangi, viatu vya plastiki, biskuti zenye krimu, vitu tulivyozoea kuviona kwa wenye ndugu nje ya nchi, vikaning'inizwa kwenye kila kibanda. Mtakumbuka pia kwamba vilipojaa, wazazi wengi hawakuwa tena na mshahara wa kuvinunulia. Baba yangu alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha Songea mjini. Siku moja alirudi mchana akasema amepunguzwa. Nilimzunguka nikimkagua kama amekuwa mfupi. Mama hakucheka. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo ikabidi tuirudishe, na ndani ya muda mfupi kila mtu akawa na upande wake. Baba alikwenda Nalasi, kule Tunduru, kumnunulia korosho mfanyabiashara mmoja, kwa kuwa sasa watu binafsi waliruhusiwa kununua. Mama aliamua kwenda Dar es Salaam na rafiki yake kujifunza biashara ya mitumba. Mimi nikapelekwa Mpitimbi kwa shangazi Kanisia.

Tulifika mvua za mwaka ule zikiwa ukingoni. Mama alikaa nusu siku tu, kwa sababu gari lililotuleta lilikuwa linarudi mjini. Alinitoa nje, akanifunga vizuri vifungo vya sweta ambavyo havikuwa vimefunguka, akasema, "Mvua zikianza tena, nitakuja kukuchukua. Zikianza tu, ujue niko njiani."

"Nitajuaje kama zimeanza?"

"Shangazi yako atakuambia."

Nilimgeukia shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni na jembe lake. Hakuitikia wala hakukataa. Basi tangu siku hiyo nilimchukua kuwa ndiye mwenye mamlaka juu ya mvua.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, Mmatengo wa milima ya Mbinga aliyeolewa Mpitimbi na Mngoni mmoja ambaye alikuwa amefariki zamani. Hawakujaliwa watoto. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa, na aliongea kama mtu anayechota maji kisima kikiwa karibu kukauka. Asubuhi nilisema, "Shikamoo, shangazi," yeye akasema, "Marahaba," na mara nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu hadi jua kali. Nyumba yake ilinuka moshi na maharage mabichi. Shuleni watoto waliniita Mama Mjini, kwa sababu ya lile sweta na kwa sababu niliuliza maswali. Niliuliza kwa nini Mungu aliumba siku ya saba ya kupumzika kama hachoki. Mwalimu wa dini alinipiga kofi dogo la kisogoni, si kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi. Baada ya hapo nilianza kuwauliza jongoo.

Walikuwa wengi mno kwa shangazi, na kulikuwa na sababu. Alilima kwa ngoro, kama walivyolima kwao milimani. Nyasi zikishafyekwa hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba ya daftari la hesabu, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika. Linabaki shimo katikati na matuta pande nne, na ndani ya matuta nyasi zinaoza polepole. Majirani zake walilima matuta ya kawaida na kutia mbolea ya chumvichumvi. Zamani walimcheka. "Mmatengo anazika majani kama marehemu," alikuwa akisema Mama Otilia, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mnene mwenye sauti iliyomtangulia njiani. Lakini mwaka ule ruzuku ilikuwa imeondolewa. Mbolea iliyokuwa ikiletwa kwa mkopo, mifuko kwa mifuko, sasa ilipimwa sokoni kwa kopo, kama chumvi. Mahindi ya majirani yalikuwa na rangi ya manjano na ya shangazi yalikuwa na kijani cheusi.

"Hawa ndio vibarua wangu," shangazi aliniambia siku ya kwanza aliponiona nikimruka jongoo. Tulikuwa tunapanga nyasi. "Wanakula kilichooza, wanakitoa udongo. Usiwaue."

Nilianza kuwafuata vibarua. Niligundua kwamba miguu yao haitembei ila inapita, kama upepo unavyopita juu ya shamba la ngano, wimbi likianzia nyuma na kwenda mbele, na wimbi jingine likishika nafasi kabla la kwanza halijaisha. Niligundua kwamba kila pete ina jozi mbili za miguu, isipokuwa za mbele kabisa, na kwamba baadhi yao wana pete moja karibu na shingo isiyo na miguu kabisa. Nilidhani wamekatika na nikawahurumia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hao ni madume tu. Niliona wadudu wadogo wekundu wakikimbia juu ya migongo yao kama abiria waliochelewa. Niliona kuku akimdonoa jongoo mara moja, kisha akifuta mdomo ardhini upande huu na upande ule, na kuondoka kama mtu aliyetukanwa. Niliona nguchiro, ukingoni mwa shamba, akimviringisha jongoo kwa mikono yake ya mbele kwenye mchanga mpaka majimaji yakaisha, ndipo akamla akitafuna kwa sauti. Sikuwa na mtu wa kumsimulia. Nilipomsimulia shangazi, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ehee," akaendelea kumenya muhogo.

Mvua zikakatika. Baridi ya mwezi wa sita ikaja, ile inayofanya moshi ulale juu ya paa bila kupanda, na siku moja nikatambua kwamba sijaona jongoo kwa muda. Nikatafuta chini ya magogo, kwenye shina la mgomba, njiani. Nilipata maganda tu ya waliokufa, pete nyeupe zilizochujwa na jua, nyepesi kama ganda la yai. Nilizitunga kwenye bua la nyasi, nikatengeneza mkufu, nikauvaa. Nikauvua kwa sababu hapakuwa na wa kuniambia umenipendeza.

"Shangazi, jongoo wamekwenda wapi?"

"Chini."

"Kufanya nini?"

"Kubadilisha nguo."

"Watarudi lini?"

"Mvua zikianza."

Yalikuwa ni maneno ya mama, yaleyale. Sikumwambia shangazi. Lakini kuanzia hapo, kichwani mwangu, mama na jongoo wakawa kundi moja la watu waliokwenda mahali ambapo sikualikwa, kufanya kitu ambacho sikutakiwa kukiona, na wote wangerudi siku moja.

Sikuwa mtoto wa kuamini tu. Kiangazi kikiwa katikati, shangazi alipokwenda kanisani, nilichukua kijiti kigumu nikachimba tuta moja la ngoro. Karibu urefu wa mkono wangu chini nilikuta kijumba. Kilikuwa duara, kuta zake zimelainishwa kama ndani ya chungu, na humo alilala jongoo mweupe. Namaanisha mweupe kweli, kama muhogo uliomenywa. Alikuwa laini, hakujikunja nilipomgusa wala hakutoa harufu. Pembeni yake lilikuwapo ganda jeusi, na alikuwa akilitafuna. Niliamini kwamba amemuua mwenzake wa chumbani na anamla.

Shangazi alinikuta nimekaa mbele ya shimo nikilia. Alipiga magoti, akatazama, akaanza kurudisha udongo kwa vidole, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Si mwenzake," alisema. "Ni ganda lake mwenyewe. Amelivua, sasa analila ili apate nguvu ya kuwa mweusi tena."

"Anakula nguo yake?"

"Kwani wewe ungekuwa na nguo moja, ukaivua, ungeitupa?"

Kisha, ambacho hakikuwa kawaida yake, aliongeza, "Mtu akiwa anavaa hafunguliwi mlango. Atatoka mwenyewe."

Jioni ile niliuliza kama mama naye anavaa. Shangazi alitia chumvi kwenye maharage, akaonja, akatia tena. Alisema Dar es Salaam ni mbali.

Habari za mama hazikuja. Baba alituma salamu kupitia dereva wa Tunduru, na mfuko mdogo wa korosho uliotuacha na vidole vyenye mafuta. Mama Otilia alipokuja kuazima ungo alinitazama nikipepeta mahindi, akamwambia shangazi kwa sauti aliyoidhani ndogo, "Watu wa pwani husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huyu wifi yako ametupa mti, jongoo amekuachia wewe."

"Otilia," shangazi alisema, "mtoto ana masikio."

"Mwenye masikio na asikie. Mwezi wa kumi huu, umepata hata salamu?"

"Chukua ungo wako."

"Ungo ni wako, dada. Mimi naazima."

"Basi azima uende."

Mwezi wa kumi na moja joto lilikuwa limekaza. Watu walichoma mashamba, majivu yakaelea mpaka kwenye maji ya kunywa. Masuku yaliiva porini, na njia nzima ya shuleni ilinuka utamu uliopitiliza. Kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa Mbinga kisha yakaondoka bila kutupa kitu. Nilihamishia kigoda changu mahali ambapo niliweza kuona barabara.

Kisha mvua ikanyesha. Ilianza mchana kwa matone makubwa yaliyochimba vumbi, halafu ikashuka yote kwa pamoja. Nilikimbia kutoka shuleni nikiwa nimelowa mpaka mifupani, madaftari nimeyaficha tumboni. Shangazi alikuwa mlangoni. Mkononi alikuwa na kikapu cha mbegu, na jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani karibu naye.

"Shangazi, mvua zimeanza. Mama yuko njiani."

Alinitazama. Akaitazama barabara, iliyokuwa sasa mto mwekundu na hakuna kitu juu yake. Maji yaligonga sufuria tuliyoitega chini ya paa. Kisha aligeuka, akaingiza kikapu ndani, akakining'iniza mahali pake.

"Bado," alisema. "Hii si mvua. Hii ni ya kudanganya mbegu. Mvua ni mpaka jongoo watoke."

Ninyi mnaweza msielewe furaha niliyoipata. Kama mvua zilikuwa zimeanza, mama alikuwa anatakiwa kuonekana. Kama zilikuwa bado, mama hakuwa amechelewa. Kesho yake Mama Otilia alipanda, na wote wa ng'ambo ya kijito wakapanda, na niliwaangalia kwa huruma, watu wazima wazima waliodanganywa na mvua ya uongo.

"Dada Kanisia, huna mbegu?" Mama Otilia aliita kutoka shambani kwake. "Njoo nikugawie."

"Ninazo."

"Kumbikumbi wametoka jana, mtoto wangu amekula mpaka tumbo limevimba. Unataka mvua ije na barua?"

"Nasubiri jongoo."

"Nini?"

"Jongoo."

Mama Otilia alisimama, mkono kiunoni, akitafuta utani ndani ya jibu hilo. Hakuupata. "Haya," alisema, "mama wa jongoo."

Mvua ya pili ilikuja, na ya tatu. Nilianza kuamka mapema kuliko shangazi na kwenda kukagua matuta. Mwanzoni nilikwenda nikiwa na hamu ya kuwaona. Sijui siku gani hamu hiyo iligeuka. Nadhani ilikuwa asubuhi nilipowaza, nikiwa katikati ya shamba, miguu ndani ya umande: wakitoka leo, na mama asije leo, itakuwaje? Na asubuhi hiyohiyo, juu ya tuta la pembeni, nikamwona. Alikuwa mkubwa, mweusi mpya, amebeba chembe za udongo mgongoni. Alikuwa anatembea kama mwenye safari.

Nilimnyanyua. Alijikunja, akanimwagia harufu yake yote. Nikamkimbiza nyuma ya jiko, nikamtia ndani ya chungu cha zamani kilichopasuka mdomo, nikafunika na kigae. Kesho yake walikuwapo wengine, nikawakusanya nao. Nilikuwa nafanya haraka, kabla shangazi hajatoka nje, kwa sababu ni yeye tu angeweza kutamka kwamba mvua zimeanza, na asichokiona hawezi kukitamka. Nilifikiri hivyo, na hata leo naona mantiki yake haina kasoro.

Kilichonisaliti ni mikono. Tulipokaa kula, shangazi alinimiminia maji ya kunawa, akasita. Alishika kiganja changu, akakigeuza, akakisogeza puani. Nilimwona akinusa. Vidole vyangu vilikuwa na rangi ya kahawia mpaka kwenye kucha. Alichukua majivu jikoni, akanisugua kidole kimoja kimoja mpaka ngozi ikawaka, tukala.

Baada ya kula alitoka akazunguka nyuma ya jiko. Nilimfuata mpaka konani nikasimama. Aliondoa kigae. Alitazama ndani ya chungu kwa muda mrefu, na nilisikia jinsi jongoo walivyokuwa wakikwaruza udongo kwa miguu yao yote. Nilisubiri aseme. Niliwaza hata kuziba masikio.

Shangazi alirudisha kigae, akachukua jiwe akaliweka juu yake.

"Nimeangalia," alisema bila kugeuka. "Hawajatoka."

Asubuhi nilipokwenda kuongeza wengine nilikuta ndani ya chungu kumewekwa majani yaliyooza na kipande cha gogo laini, na mtu alikuwa ameyanyunyizia maji.

Chungu kikajaa. Haikupita muda jongoo wakawa kila mahali, kama wanavyokuwa mwaka wowote mvua zikikolea. Walipanda kuta za nyumba, walivuka njia, walilala wawili wawili wamesokotana kwenye ngazi ya kanisa, na walioning'inia kwenye mlango wa choo tuliwaondoa kwa kijiti kabla ya kuingia. Mimi na shangazi tuliwaruka. Tuliwaruka tukienda kisimani na tuliwaruka tukirudi, na hakuna aliyesema neno. Ng'ambo ya kijito mahindi ya Mama Otilia yalikuwa yamefika magotini. Shamba letu lilikuwa jeusi na tupu, mashimo ya ngoro yamejaa maji yanayoonyesha mawingu.

Siku moja Mama Otilia alikuja mwenyewe, amekusanya kanga yake juu kuepuka tope. Hakuwa na utani.

"Dada, utakula nini? Unasubiri nini wewe?"

"Nilikuambia."

Mama Otilia alinyoosha kidole kwenye ukuta, nyuma ya kichwa cha shangazi, ambako jongoo alikuwa akipanda taratibu kuelekea darini. "Na huyu ni nani?"

Shangazi aligeuka, akamtazama jongoo, akarudi kumtazama jirani yake. "Huyo ni wa kwako, amevuka kijito. Wa kwangu bado."

Mama Otilia alifungua mdomo. Kisha aliniona mimi, nimekaa kwenye kigoda changu kinachotazama barabara, mikono nimeificha kwapani. Akaufunga. "Haya, dada," alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo kweli. Alikwenda zake.

Mama alikuja karibu na Krismasi. Lori la kreti za soda lilikwama kwenye tope mbele kidogo ya nyumba, na katika watu walioshuka kulisukuma mmoja alikuwa mwanamke mwembamba mwenye nywele za kalikiti, zilizotiwa dawa ya mawimbi, ameshika viatu mkononi. Sikumtambua mpaka alipopiga magoti kumsalimia shangazi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu."

Hakunigeukia upesi. Alifungua mfuko, akatoa gauni la mtumba la rangi ya machungwa lenye kola nyeupe, akalikunjua, akalishika mbele yake kana kwamba analijaribu yeye. Macho yake yalikuwa kwenye gauni. Aliuliza, "Mvua zimeanza siku nyingi?"

"Hapana, mama," nilisema. "Bado. Jongoo hawajatoka."

Jongoo alikuwa akivuka uwanja, kati ya miguu yangu na yake. Mama alimwona. Alimfuata kwa macho mpaka kwenye ukuta, ambako walikuwapo wengine, na kutoka ukutani akainua uso kwa shangazi.

"Hawajatoka, wifi," shangazi alisema. "Umewahi."

Mama alikaa chini, palepale kwenye tope, akalia akiwa amefunika uso na gauni langu jipya. Sikuelewa. Nilidhani amechoka kusukuma gari.

Tuliondoka na lori lilelile likirudi, kwa kuwa hapakuwa na usafiri wa kesho. Shangazi alinifungia mfuko wa maharage, akaniwekea kiganja chake kichwani, akakitoa. Nilipanda nyuma pamoja na kreti. Kabla hata gari halijafika kwenye kona, nilimwona akitoka ndani na kikapu cha mbegu mkononi na jembe begani, akitembea haraka kuelekea ngoro, bila kugeuka. Niliumia. Nilidhani alikuwa akisubiri tu nimwondokee ili aendelee na shughuli zake. Maumivu hayo nilikaa nayo miaka mingi, na huenda ndiyo yaliyonifanya nisiende kumwona mara nyingi kama nilivyopaswa.

Nilipofika chuo kikuu nilikuwa mwanafunzi wa kuhoji kila kitu. Nilihoji nadharia za wahadhiri, nilihoji dini ya mama, nilihoji kwa nini tunaambiwa soko huria ni hali ya hewa ambayo haina mtu aliyeileta. Lakini nilipotakiwa kuandika insha kuhusu maarifa asilia ya wakulima, niliandika bila kuhoji kwamba Wamatengo hawapandi mpaka jongoo watoke, kwa kuwa jongoo huhisi unyevu ulioshuka chini, na mvua za kudanganya haziwafikii. Ilisikika kuwa kweli. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa. Nikaenda nayo mpaka milima ya Mbinga wakati wa utafiti wangu, nikiuliza nyumba kwa nyumba. Walinitazama kwa adabu. Bibi mmoja, akiwa juu ya matuta yake, alicheka mpaka akashikilia mpini. "Mjukuu wangu," alisema, "ukingoja jongoo ndipo upande, utamla huyohuyo jongoo."

Niliamua kwamba ilikuwa desturi ya shangazi peke yake, aliyoibuni kwa uzoefu wa shamba lake. Sikuweza kumuuliza. Alikuwa amefariki nikiwa mwaka wa pili, na sikuwahi mazishi. Nilikwenda Mpitimbi baadaye, kaburi likiwa limeshaota nyasi, na Mama Otilia, aliyekonda sasa na kupoteza ile sauti, akanitolea kiti. Nilimuuliza kama shangazi aliendelea kusubiri jongoo mpaka mwisho wa maisha yake.

"Kanisia?" alisema. "Kanisia alikuwa anapanda vumbi hata halijalowa vizuri. Kila mwaka yeye ndiye wa kwanza, sisi tunamfuata. Ni mwaka ule tu uliokuwa hapa ndipo alipopanda wa mwisho, akavuna magunzi."